Sauti Yenye Mikwaruzo

Mara ya kwanza nilipoisikia sauti ya Bonnie Tyler nilidhani ni ya mwanamume. Ulikuwa mwaka 1978, nami nikiwa msichana wa miaka 16, nimerudi likizo kutoka shule ya bweni. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa mfanyakazi wa reli pale Voi, alikuwa ametuletea nyumbani Wundanyi redio ya betri, nayo iliwekwa juu ya kabati la vyombo mithili ya mgeni wa heshima. Jioni moja idhaa ya Kiingereza ya Sauti ya Kenya ikapiga wimbo uitwao "It's a Heartache". Mama yangu, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, aliacha kuchambua maharagwe, akainua kichwa, akasema:

"Huyu baba amelia usiku kucha kabla ya kuja kuimba."

Kaka akacheka. "Si baba huyo, Mama. Ni mwanamke."

"Mwanamke gani ana koo la namna hiyo?"

Ubishi ule haukwisha siku hiyo, wala si nyumbani kwetu tu. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata huko Ulaya na Marekani watu walikuwa wakiuliza kama yule si Rod Stewart. Mimi nilikuwa upande wa Mama. Wakati huo nilikuwa naimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu, na nilijua, kwa kiburi cha ujana, sauti ya mwanamke inavyopasa kuwa: nyembamba, safi, ya kupanda bila kutetemeka. Ile ya redioni ilikuwa kama mtu anayekokota sanduku zito juu ya sakafu ya saruji. Nilisema sitaki kuisikia tena.

Nimeisikia kwa zaidi ya miaka 45. Leo nataka kuandika juu ya mwenye sauti hiyo, na kidogo juu ya koo langu mwenyewe, maana kwangu mambo hayo mawili hayatengani.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Gaynor Hopkins. Alizaliwa tarehe 8 Juni 1951 katika kijiji cha Skewen, karibu na mji wa Neath, kusini mwa Wales. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Walikuwa watoto sita, wasichana wanne na wavulana wawili, wakikaa katika nyumba ya kupanga ya serikali ya mtaa. Mama yao alipenda opera, na watoto walikua wakiisikia nyumbani pamoja na nyimbo za kanisani. Mara ya kwanza Gaynor kuimba mbele ya watu ilikuwa kanisani, tenzi ya watoto.

Msomaji ambaye hajui Wales afikirie nchi ndogo ya milima na mabonde, magharibi mwa kisiwa cha Britania, yenye lugha yake ya kale na mvua isiyochoka. Katika mabonde yale wanaume walishuka ardhini kuchimba makaa, wakapanda jioni weusi kama masizi, wakaoga, wakaenda kwenye mazoezi ya kwaya. Waliimba kwa sauti nne, na uimbaji ule ulikuwa shule yao, klabu yao na fahari yao. Sisemi haya kama mtu aliyefika huko. Ninayasema kwa sababu moja ya tuni nilizozipenda kuliko zote katika kwaya yetu ni Cwm Rhondda, iliyotungwa na mtu wa Wales aitwaye John Hughes mwaka 1907. Rhondda ni moja ya mabonde hayo ya makaa, na "cwm" katika lugha yao ni bonde. Sisi tuliiimba kwa maneno ya Kiswahili juu ya mlima wa Taita, na ilipofika mwisho, pale ambapo sauti ya kwanza hupanda na kushikilia juu huku wenzao wakijaza chini, mimi ndiye niliyekuwa nikipanda. Mwalimu wa kwaya alikuwa akinitazama mimi tu. Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja mahali pale wiki nzima.

Basi Gaynor aliacha shule bila cheti chochote cha maana akaajiriwa katika duka la vyakula. Mwaka 1969 aliingia katika shindano la vipaji la pale kwao, akaimba "Those Were the Days", wimbo uliokuwa umevuma mwaka uliotangulia kwa sauti ya msichana mwingine wa Wales, Mary Hopkin. Hakushinda, alikuwa wa pili. Lakini nafasi ya pili ilitosha kumtoa dukani. Alijiunga na bendi moja kama mwitikiaji, kisha akaunda bendi yake mwenyewe, wakawa wanapiga katika klabu za Neath, Swansea na vijiji vya jirani. Kwa kuwa Hopkins na Hopkin ni majina yanayogongana, akajiita Sherene Davis. Mwaka 1973 aliolewa na Robert Sullivan, mcheza judo aliyekuwa ameiwakilisha Uingereza katika michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972.

Hii miaka ya klabu husimuliwa upesi upesi na wanaoandika habari zake, kana kwamba ni njia tu ya kupitia. Mimi naiona kuwa ndiyo yenyewe. Fikiria msichana anayeimba usiku baada ya usiku katika vyumba vilivyojaa moshi wa sigara, watu wakinywa bia na kuongea, vipaza sauti vya siku zile vikiwa jinsi vilivyokuwa. Anapaswa kuimba juu ya kelele. Yeyote aliyewahi kufundisha darasa la watoto anajua maana ya kuinua sauti juu ya kelele kila siku ya kazi. Koo halisahau.

Mwaka 1975 mtafuta vipaji kutoka London, Roger Bell, alikwenda kwenye klabu ya Townsman mjini Swansea kumsikiliza mwimbaji mwingine kabisa, mwanamume. Akakosea ghorofa. Akamkuta Gaynor. Nimezoea kuwaambia wanafunzi wangu kwamba bahati ni jambo la kweli na wasidanganywe na wanaosema haipo. Kisa cha ngazi zile ndicho huwa natolea mfano. Akaitwa London kurekodi nyimbo za majaribio, kisha kampuni ya RCA ikampa mkataba, na kwa mara ya pili akatakiwa kubadili jina. Inasemekana aliandika orodha ya majina ya kwanza na ya ukoo kutoka gazetini, akayaunganisha hili na lile, na hivyo ndivyo alivyozaliwa Bonnie Tyler.

Santuri ya kwanza, mwaka 1976, haikuuzika. Ya pili, "Lost in France", mwaka huohuo, ilifika nafasi ya 9 Uingereza. Mlango ulikuwa umefunguka. Ndipo koo likafunga.

Hapa inanibidi nieleze kidogo, kwa kuwa jambo hili nililijifunza kwa gharama. Ndani ya koo mna nyuzi mbili za sauti, mikunjo laini ya nyama, ambayo hukutana na kuachana mara nyingi mno kwa sekunde moja; kwa mwanamke akizungumza kawaida ni kama mara 200. Mtu akipaza sauti kwa muda mrefu, nyuzi zile hugongana kwa nguvu mahali palepale, na pale panapogongana hutokea vinundu, kama sugu inavyoota kiganjani mwa mtu wa jembe. Vinundu vikishakuwapo nyuzi haziwezi tena kufunga sawasawa. Pumzi huvuja katikati. Sauti hutoka na upepo na mikwaruzo, na zile noti za juu hupotea kwanza.

Bonnie Tyler alipasuliwa vinundu mwaka 1977. Madaktari wakamwamuru asiseme neno kwa wiki kadhaa. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba siku moja uvumilivu ulimwishia akapiga kelele kwa hasira, na sauti iliporudi ilikuwa imebadilika: nzito zaidi, yenye kukwaruza. Alidhani kazi yake imekwisha. Kabla ya mwaka kwisha ikatoka "It's a Heartache", iliyotungwa na Ronnie Scott na Steve Wolfe. Ilifika nafasi ya 4 Uingereza, na mwaka 1978 ikafika nafasi ya 3 Marekani. Na ikafika Wundanyi, juu ya kabati la vyombo, ikamkuta Mama na maharagwe yake.

Sasa koo langu.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kuanzia mwaka 1985, baada ya kumaliza chuo cha ualimu Shanzu. Nilifundisha Kiswahili na muziki, na kwa miaka mingi niliongoza kwaya ya watoto katika tamasha la muziki la shule. Januari 2003 serikali mpya ilitangaza elimu ya msingi kuwa bure. Lilikuwa jambo jema, na nitalitetea mbele ya yeyote. Nchini kote watoto zaidi ya milioni moja waliingia shule mwaka ule. Lakini darasa langu la tatu liliruka kutoka watoto 41 hadi 94. Madawati yalikaliwa na wanne wanne, wengine sakafuni, wengine dirishani kwa nje. Kufundisha ilikuwa kupiga kelele. Kufikia muhula wa pili nilikuwa na sauti ya jogoo mgonjwa. Nikanywa tangawizi na asali, nikaendelea. Mwaka uliofuata nikaongoza kwaya tena katika tamasha, na siku ya kurudi nikajaribu kuwaaga watoto kwenye basi, hakikutoka kitu.

Daktari wa masikio, pua na koo mjini Mombasa aliingiza kioo kidogo chenye mpini mrefu hadi nyuma ya ulimi, akasema "vinundu", na akaongeza kwamba ningekuja mapema angejaribu kunitibu kwa kupumzisha sauti tu. Nilipasuliwa. Nikaamriwa kunyamaza wiki tatu, na nisinong'one pia, maana kunong'ona kunachosha nyuzi kuliko kusema. Nilitembea na daftari la mazoezi na penseli shingoni. Watoto wa jirani walikuja kunijulia hali wakawa wanaongea nami kwa kunong'ona, wasijue kwa nini. Mume wangu, mtu wa maneno machache tangu ujana wake, alijikuta akiongea kwa ajili yetu wote wawili, na naamini hajanisamehe.

Sikupiga kelele hata mara moja. Nilitii kila amri. Sauti ikarudi imekwaruzika.

Kaka yangu, kwa nia njema kabisa, alikuja na kaseti. Akasema: "Dada, unamkumbuka yule mama wa redioni? Naye alipasuliwa kama wewe. Tazama alivyofika." Baada yake wakaja wengine na kisa kilekile au kinachofanana nacho, na wote walikisimulia kwa namna moja: akavunjika, na uvunjikaji ukawa baraka. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Moyoni nilikuwa na hasira. Yule alikuwa na miaka 26, na kampuni ya muziki nyuma yake. Mimi nilikuwa na 42, na watoto 94 mbele yangu, na Jumapili nilipofungua kinywa katika Cwm Rhondda, pale pa kupanda, palitoka upepo. Wasichana waliokuwa kando yangu walitazama vitabu vyao kwa adabu. Niliimba hivyo Jumapili tatu. Jumapili ya nne nilikaa nyuma na waumini wengine, nikafunga mdomo, na hivyo ndivyo nilivyokaa kwa miaka tisa.

Lakini kaseti sikuirudisha. Niliisikiliza jikoni, nikiwa peke yangu, kama mtu anayepekua barua za jirani. Nilikuwa natafuta kosa katika kisa kile, na nadhani nililiona.

Kwanza, ule wimbo wa "Lost in France" ulirekodiwa kabla ya kupasuliwa. Usikilize vizuri. Mikwaruzo imo tayari, kidogo, kama vumbi katika mwanga. Kelele ya hasira haikumpa sauti mpya kutoka hewani. Klabu za Swansea zilikuwa zimeshaianza kazi hiyo kwa miaka.

Pili, na hili ndilo lililonisumbua zaidi, baada ya "It's a Heartache" mambo hayakwenda vizuri. Kisa cha watu hulirukia jambo hili. Alitoa santuri baada ya santuri zenye mwelekeo wa muziki wa kantri, nyimbo za kupendeza, na nyingi hazikufika mbali. Mkataba wake na RCA ulipokwisha mwaka 1981 hakutaka kuendelea na njia ile. Alikuwa na miaka 30. Sauti ile iliyovunjika, ambayo eti ilikuwa baraka, ilikuwa imempa wimbo mmoja mkubwa na miaka mitatu ya kuhangaika.

Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachokiheshimu kwake. Alimwona Meat Loaf katika televisheni akiimba "Bat Out of Hell", wimbo uliotungwa na Mmarekani Jim Steinman, mtu aliyetunga nyimbo ndefu za roki zenye ngurumo na piano na vilio kama tamthilia. Bonnie Tyler akaenda kwa kampuni yake mpya, CBS, akasema anamtaka yule. Wakamwona kama amepungukiwa akili. Msichana wa "It's a Heartache" na yule bwana wa ngurumo! Akashikilia. Hatimaye akafika nyumbani kwa Steinman, New York, na Steinman akampigia nyimbo mbili za watu wengine ili auone uso wake anapozisikia. Zilimpendeza zote mbili. Kama zisingempendeza, kazi ingeishia pale.

Naye Steinman akampa "Total Eclipse of the Heart", yaani kupatwa kwa moyo kama jua linavyopatwa. Msomaji anaujua wimbo huo hata kama hajui kwamba anaujua. Kama umewahi kupanda matatu ya usiku Kenya, umeshausikia. Katika santuri kubwa unakaribia dakika 7. Unaanza na piano peke yake na sauti ya mwanamume inayoita kwa mbali, naye anajibu chini kabisa, karibu azungumze. Kisha unapanda, unapanda, ngoma zinaingia kama radi, na anapofika juu sauti inapasuka. Kusudi! Wimbo umejengwa ili sauti ipasuke pale. Mwimbaji mwenye koo safi angefika kileleni bila taabu na wimbo ungekufa, kwa sababu hakuna ambacho kingekuwa kimemgharimu.

Ulitoka Uingereza mwanzoni mwa mwaka 1983 ukashika nafasi ya 1. Albamu yake, "Faster Than the Speed of Night", iliingia chati ya Uingereza moja kwa moja katika nafasi ya 1. Marekani wimbo ulishika nafasi ya 1 kuanzia Oktoba mwaka huo kwa wiki nne, na chini yake kulikuwa na wimbo wa kundi la Air Supply uliotungwa na Steinman huyohuyo. Mary Hopkin na Tom Jones, watu wa Wales waliomtangulia, walikuwa wameishia nafasi ya 2 Marekani. Binti wa mchimba makaa akawapita wote.

Mwaka 1984 ukaja "Holding Out for a Hero", uliotumika katika filamu ya "Footloose", pale ambapo vijana wawili wanaendesha matrekta kuelekeana ili aonekane nani atakuwa wa kwanza kuogopa. Huo nao ulifika nafasi ya 2 Uingereza mwaka 1985. Baada ya hapo sauti yake ilipungua kusikika Uingereza na Marekani, ikahamia kwingine: miaka ya mwanzo ya 1990 alikuwa na mashabiki wengi Ujerumani na Norway, na mwaka 2004 akashika nafasi ya 1 Ufaransa kwa kuimba upya wimbo wa kupatwa kwa moyo pamoja na mwimbaji wa Kifaransa, Kareen Antonn. Yeye na mumewe yuleyule wa judo wakanunua nyumba Algarve, kusini mwa Ureno. Mwaka 2022, mwaka niliostaafu ualimu, alitunukiwa nishani ya MBE kwa huduma yake katika muziki, na mwaka 2023 akachapisha kitabu cha maisha yake, "Straight from the Heart". Ninacho, alinitumia binti wa kaka yangu kutoka Nairobi. Steinman hakuwahi kukisoma. Alifariki Aprili 2021.

Binti huyo wa kaka ndiye aliyenionyesha, mwaka 2013, kitu nilichokuwa sijakiona: yule mama mwenyewe akiimba, uso kwa uso. Ilikuwa mwezi wa Mei, naye alikuwa ameteuliwa kuiwakilisha Uingereza katika shindano la nyimbo la Eurovision huko Malmö, Sweden. "Shangazi, njoo umwone mtu wako," akasema, akaninyooshea simu. Alikuwa anakaribia kutimiza miaka 62, nywele za dhahabu, anatabasamu. Hakufanya ajabu yoyote. Alikuwa wa 19 kati ya 26. Watu waliandika maneno ya kejeli kwamba wamepeleka bibi. Mimi nilitazama kitu kimoja tu: shingo yake. Hakuwa anainyoosha. Hakuwa anaitafuta noti yoyote ambayo hakuwa nayo. Alikuwa anasimama ndani ya sauti aliyo nayo, kama mtu aliyesimama mlangoni pa nyumba yake.

Nikakumbuka zile Jumapili tatu. Nilikuwa nimeshika sauti iliyobaki nikaipeleka kwa nguvu mahali ilipokuwa ikienda ile ya zamani, na iliposhindwa kufika nikaifungia. Haikunijia hata mara moja kuuliza iko wapi nyimbo ya sauti hii. Yeye aliuliza. Alivuka bahari kwenda kuuliza.

Tarehe 3 Novemba mwaka huohuo jua lilipatwa. Ilikuwa Jumapili. Kule Turkana watu walikusanyika kuliona likifunikwa lote, na nasikia mawingu na vumbi viliwanyima wengi. Kwetu Taita lilimegwa tu, jioni, yapata saa kumi na moja na nusu, likiwa limeshashuka karibu na vilima. Tulikuwa uwanjani mwa kanisa. Watoto walikuwa na vipande vya filamu za picha za mifupa, wakipokezana kutazama. Mwanga ukawa wa ajabu, wa rangi ya chai ya rangi, kuku wa mhudumu wa kanisa wakaanza kurudi bandani. Na redio moja, kwa matatu iliyoegeshwa getini, ikafanya kile ambacho bila shaka redio nyingi duniani hufanya siku kama hiyo: ikapiga wimbo ule.

Kwaya ilikuwa imetoka mazoezini kutazama jua. Vijana wakaanza kuimba kwa mzaha, wakipiga vifua vyao. Nami nikaimba. Sikukusudia. Nilianza chini pale anapoanza chini, na ulipopanda nikaiacha sauti ipasuke, kwa sababu hakukuwa na namna nyingine, na nilipofumbua macho kaka yangu alikuwa amesimama mbele yangu na kofia mkononi. Hakucheka. Akasema tu, "Mama angekataa kwamba ni wewe."

Mwalimu wa kwaya wakati huo alikuwa kijana niliyemfundisha mwenyewe, mmoja wa wale 94. Alinifuata nilipokuwa nafungua mwavuli kuondoka, maana matone yalikuwa yameanza.

"Mwalimu," akasema, "sauti ya tatu tuna watu watatu tu."

Sauti ya tatu ni ya wanaume. Nilimwambia hivyo.

"Najua, Mwalimu. Jumatano, saa kumi."

Jumatano nilikwenda. Mabenchi yalikuwa yamepangwa kama zamani, sauti ya kwanza karibu na dirisha, ambapo nilikaa tangu nikiwa msichana. Nilipita pale nikawaamkua. Wanaume watatu wa sauti ya tatu walinitazama, wakatazamana. Kisha mzee aliyekuwa mwisho wa benchi, fundi cherehani mwenye kikohozi kisichoisha, alisogea, akapangusa vumbi kwa kiganja mahali nilipokuwa nikikalie, akanifungulia kitabu kwenye Cwm Rhondda na kunionyesha kwa kidole mstari wetu, wa tatu kutoka juu, ambao kwa miaka yote ile sikuwahi kuusoma.